Kinoo Nacho Hunyooshwa

Mswahili akiona kisu kimeshika makali husema kinapata, na kikiwa butu husema hakipati. Neno hili lina hekima ndani yake, kwani chombo kikali hupata kile kilichokusudiwa, na chombo butu huhangaika juu ya ngozi au juu ya nyama, kisipate kitu ila kuudhi. Wahenga wakaongeza wakasema kinolewacho hupata. Lakini ni mara chache tunauliza khabari za kile kinachonoa. Wembe tunausifu, kinyozi tunamlipa, na kinoo kimelala pembeni mwa duka, au chini ya kitanda cha mzee, hapana anayekitazama.

Makala haya ni khabari za kinoo cha wembe: kimetoka wapi, kilitunzwaje, na kwa nini leo karibu kimesahauliwa. Nimeichagua nchi ya Dodoma na uwanda wa juu wa katikati ya Tanzania kwa makusudi. Nchi ile imejaa majabali kila upande, na juu ya hivyo jabali lake si la kunolea wembe. Mahali palipokuwa na dhiki ya kitu, ndipo thamani ya kitu hicho inapoonekana.

Ushahidi wa maneno

Kabla ya kwenda bara tuyatazame kwanza maneno yetu, kwani lugha ni sanduku lililohifadhi khabari ambazo hazikuandikwa popote. Katika vyombo vya kinyozi, mkasi ni neno tulilolichukua kwa Waarabu, asili yake ni miqass. Lakini noa, kinoo, nyoa, kinyozi na wembe ni maneno ya Kibantu. Noa ina ndugu zake katika lugha nyingi za bara, tangu kwa Wakikuyu mpaka kwa Wazulu wa kusini. Tena tazama jembe na wembe: shina ni moja, nalo ni -embe. Ukilitia umbo la kitu kikubwa unapata chombo cha kulimia, na ukilitia umbo la kitu chembamba unapata chombo cha kunyolea.

Watu hawawi na neno lao wenyewe la kunoa ila wawe wamenoa. Kadhalika fundi wa pwani hakungoja karatasi ya dukani ili alainishe mbao zake: alikuwa na majani ya mti wa msasa, yenye kukwaruza, na karatasi ilipokuja ndiyo ikapewa jina la mti. Basi asije mtu akatuambia kwamba babu zetu walifundishwa kunoa na mgeni. Mgeni alileta vyombo vipya na mawe mapya, na hayo tutayaeleza kwa haki yake. Lakini kitendo chenyewe alikikuta.

Nchi ya majabali

Mji wa Dodoma uko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,100. Mawe makubwa yanayouzunguka ni ya itale na jamaa zake, na wataalamu wa ardhi wanahesabu kuwa majabali ya uwanda ule yana umri unaozidi miaka milioni 2,500. Ukienda kaskazini, katika wilaya ya Kondoa kwa Warangi, ambao wengi wao ni Waislamu, utakuta mapango ya michoro ya kale ambayo mwaka 1951 Mary Leakey alikwenda kuinakili, na ambayo mwaka 2006 yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Katika pango moja la huko liitwalo Kisese II, mtaalamu Raymond Inskeep alichimba mwaka 1956. Humo zilipatikana zana za mawe na ushanga uliotengenezwa kwa ganda la yai la mbuni, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2018 vilionyesha kwamba baadhi ya ushanga huo una umri wa zaidi ya miaka 40,000. Yafaa tuyatie akilini mambo mawili hapa. La kwanza, mtu wa zama zile alikata kwa kipande cha jiwe kilichopasuliwa. Kipande hicho kikali sana, lakini hakinolewi kama chuma kinolewavyo; kikiharibika mtu hukitupa akapasua kingine. La pili, ushanga wa ganda la yai hausawaziki ila kwa kusuguliwa. Kwa hivyo kusugua kitu mpaka kikae sawa ni kazi ya kale zaidi kuliko chuma.

Kilipokuja chuma mambo yalibadilika. Chuma ni ghali: kinatafutwa mchanga wake, kinachomewa makaa, kinafuliwa na mhunzi kwa jasho. Chombo cha chuma hakitupwi kwa kuwa kimepoteza makali. Hurudishiwa makali yake, na hapo ndipo kinoo kilipopata heshima. Mwenyezi Mungu Mtukufu ametutajia katika Suratil Hadid kuwa ameteremsha chuma, ndani yake mna nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Manufaa hayo hayakai peke yake, yanataka kuangaliwa.

Panga, shoka na mkuki vyanoleka juu ya jabali la Dodoma bila ya taabu. Wembe ni jambo jingine. Jiwe la itale ni mchanganyiko wa punje kubwa, nyingine ngumu na nyingine laini kidogo. Kila punje kubwa huchimba mfuo katika makali, na makali yaliyojaa mifuo si makali ya wembe, ni msumeno mdogo. Mtu akinyolewa kwa msumeno huo hutoka damu na machozi. Wembe wataka jiwe la punje ndogo mno, zilizoshikamana, za ugumu mmoja. Jiwe la namna hiyo ni tunu, na katika dunia nzima mahali panapochimbwa mawe mazuri ya wembe panahesabika.

Mawe yaliyosifika

Mrumi mmoja aitwaye Pliny, aliyekufa mwaka 79 Miladia, aliyataja mawe ya kunolea katika kitabu chake kikubwa cha maumbile. Alieleza kuwa mengine hutumiwa kwa mafuta, na katika hayo akayasifu ya kisiwa cha Krete. Mengine hutumiwa kwa maji, na katika hayo akayatanguliza ya kisiwa cha Naxos. Kisha akataja mawe ya vinyozi yaliyotoka Hispania, ambayo vinyozi wa wakati wake waliyalowesha kwa mate. Jiwe la Krete liliendelea kusifika hata kisiwa kilipokuwa chini ya dola ya Uthmaniya, na Wazungu wakaliita jiwe la Kituruki kwa sababu lilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa huko. Baadaye yalisifika jiwe la manjano la milima ya Ardennes katika Ubelgiji, jiwe la Thuringia katika Ujerumani, na jiwe jeupe la Arkansas katika Marekani.

Katika nchi za Kiislamu kazi ya kinyozi haikuachwa holela. Vitabu vya hisba, yaani vya usimamizi wa masoko, kama kile cha al-Shayzari wa Sham katika karne ya 12, viliweka masharti: kinyozi awe mwepesi wa mkono na mjuzi wa kazi, wembe wake uwe mkali, na asile vitunguu siku ya kazi asije akawaudhi watu kwa pumzi zake. Tazameni jinsi walivyolinganisha makali ya wembe na harufu ya kinywa. Yote mawili ni haki ya yule aliyeinamisha kichwa chake mbele ya mwenziwe.

Wala wao hawakulizua jambo hili. Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa Mwenyezi Mungu ameuandika wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, akamtaka mchinjaji akinoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Na katika kitabu hicho hicho imo khabari ya kondoo wa dhabihu, ambapo Mtume (S.A.W.) alimtaka Bibi Aisha (R.A.) alete kisu na akinoe kwa jiwe. Jiwe la kunolea, basi, lilikuwamo katika nyumba ile tukufu, na aliyelishika ni Mama wa Waumini. Ama katika mambo ya maumbile safi, yaani fitra, moja katika yanayotajwa ni istihdad, na neno hilo latokana na hadid, yaani chuma. Usafi wa mwili wa Muislamu umefungamanishwa na chuma chenye makali, na makali yamefungamana na jiwe.

Safari ya kwenda bara

Zamani njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, ikaingia Ugogo, ikaenda Tabora na Ujiji. Burton na Speke walipoipita mwaka 1857 waliikuta imekwisha kukanyagwa na Wanyamwezi, na Waarabu na Waswahili wa pwani. Majina ya njia ile yenyewe yaeleza taabu yake: kabla ya kuingia Ugogo palikuwa na nyika isiyo na maji mazuri ikiitwa Marenga Mkali, na baada ya kutoka Ugogo palikuwa na pori la Mgunda Mkali. Katikati, watemi wa Kigogo walitoza hongo, kwa kuwa maji na chakula vilikuwa vyao na msafara haukuwa na pa kukimbilia.

Mpagazi alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70. Kila ratili ilikuwa na hesabu yake: nguo, ushanga, waya wa shaba, baruti. Nani basi angebeba mawe kwenda nchi ya mawe? Lakini kinoo cha wembe si jabali. Ni kipande cha kiganja, huingia katika mfuko wa mtu mmoja pamoja na wembe wake na msuaki wake. Muislamu aliye safarini miezi mitatu au minne hataki kuvuka siku 40 bila ya kujisafisha, kwani huo ndio mpaka uliowekwa katika Hadithi ya Anas. Wembe wake aliufanyia kazi, na wembe ukifanya kazi hutaka jiwe.

Bara nayo haikuwa mikono mitupu. Uwanda ule ni nchi ya ng'ombe, na ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa ndiyo ukanda wa kinyozi, unaopitishwa wembe kila siku baada ya jiwe ili makali yakae laini. Na makorongo ya Dodoma, ambayo hukauka sehemu kubwa ya mwaka, yamejaa mchanga mgumu uliotokana na majabali yale yale. Mchanga huo, kama tutakavyoona, ndio dawa ya kinoo kilichoharibika. Kwa hivyo jiwe laini lilikuja kutoka mbali, na ngozi na mchanga vilikuwapo. Wembe haukamiliki kwa kimoja bila ya vingine.

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyokuwa ya wiki nyingi ikawa ya siku. Bidhaa za viwandani zikawa nyepesi kufika bara, na miji miwili iliyosifika duniani kwa nyembe za kukunja ni Solingen ya Ujerumani na Sheffield ya Uingereza. Tena mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson alikuwa amepata, kwa kuchoma udongo wa mfinyanzi na makaa kwa nguvu za umeme, kitu kigumu kuliko mchanga wowote, akakiita carborundum. Kuanzia hapo kinoo hakikutafutwa milimani tu. Kiliweza kutengenezwa kiwandani, kila kipande kikiwa na punje za kipimo kimoja. Mtu wa Dodoma, aliyekuwa mbali na machimbo yote ya mawe mazuri, akawa sawa na mtu wa London.

Ugonjwa wa kinoo

Sasa tuje katika jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba wembe ndio unaolika na jiwe hubaki. Vyote viwili hulika. Kila wembe upitapo juu ya jiwe huchukua kitu kidogo katika jiwe, na kwa kuwa mkono wa mtu hupenda kupita katikati, katikati ndipo panapochimbika kwanza. Baada ya muda kinoo huwa na bonde. Jicho halilioni, maana linashuka kidogo kidogo.

Bonde hilo si kitu kwa mwenye panga. Kwa mwenye wembe ni msiba. Kisu huinamishwa kwa mkono, na mkono waweza kufuata jiwe lilivyo. Wembe haunolewi hivyo. Hulazwa kabisa, mgongo wake na makali yake vikagusa jiwe kwa pamoja, ukasukumwa makali yakitangulia, kisha ukageuzwa juu ya mgongo wake na kurudishwa. Mgongo ndio unaopima pembe ya makali, na mkono ni mfuasi tu. Jiwe likiwa na bonde kipimo hicho huharibika: makali hukutana na jiwe kwa pembe moja hapa na kwa pembe nyingine pale, na mstari wa makali uliokuwa umenyooka huanza kupinda. Kinyozi huona wembe haupati, akadhani wembe ni mbovu, akanoa zaidi juu ya jiwe lile lile lenye kosa. Kila akizidisha bidii, ndivyo anavyozidisha ubaya.

Dawa yake si ngumu. Kwanza jiwe hupimwa: huwekwa rula ya chuma juu yake, likatazamwa dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya katikati, pana bonde. Kisha huchorwa mistari ya penseli, ya urefu na ya upana, juu ya uso wote wa jiwe. Kisha jiwe husuguliwa juu ya kitu kilicho sawa, kama kipande cha kioo kinene kilichowekwa msasa wa maji, au kilichomwagiwa mchanga wa korongo uliooshwa na kuchujwa kwa kitambaa, pamoja na maji. Jiwe huzungushwa na kugeuzwa ncha kwa ncha, ili uzito wa mkono usielemee upande mmoja. Penseli hufutika kwanza kandokando, kwa sababu huko ndiko kulikoinuka. Mstari wa katikati ndio wa mwisho kuondoka. Ukiondoka wote, jiwe limekaa sawa.

Baada ya hapo pembe za jiwe hupunguzwa ukali wake kidogo, zisije zikamega makali ya wembe. Kisha jiwe huoshwa kwa maji mengi, maana punje moja ya mchanga iliyobaki huharibu kazi yote. Jiwe la maji hukaushwa kivulini. Jua kali la Dodoma laweza kulipasua. Jiwe la mafuta likiziba na kung'aa husuguliwa kwa brashi na mafuta ya taa, na lililozoea mafuta halirudishwi kwenye maji. Na kubwa kuliko yote, kazi hii hufanywa kidogo kidogo na mara kwa mara. Aliyeacha bonde likawa kubwa atasugua siku nzima, na nusu ya jiwe itakwenda na maji.

Mawe mawili hayatoshi

Hapa patazuka swali ambalo mtu mwenye akili hana budi kuuliza. Ikiwa kinoo kinanyooshwa kwa kioo, na kioo nacho kinalika kwa mchanga, basi nani atakinyoosha kioo? Je, mtu akichukua vinoo viwili akavisugua pamoja, havitanyooshana?

Jawabu lilielezwa wazi mwaka 1840 na fundi Mwingereza Joseph Whitworth, alipowasomea wataalamu waliokusanyika Glasgow namna ya kupata uso ulio sawa kabisa. Nyuso mbili zikisuguliwa pamoja zitakubaliana, na kukubaliana si kunyooka. Moja yaweza kuwa na bonde na ya pili ikawa na kilima kinachojaa bonde lile barabara. Ukiziweka pamoja huoni mwanga, ukadhani zote ni sawa, kumbe zote zimepinda na kila moja inaificha nyingine. Dawa ni kuleta ya tatu. Ya kwanza isuguliwe na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza, kwa zamu. Bonde haliwezi kukubaliana na bonde, wala kilima na kilima. Nyuso tatu zikikubaliana kila mbili kwa mbili, hazina njia ila kuwa sawa.

Kwa kanuni hii nyepesi mafundi walipata nyuso sawa bila ya kuwa na uso sawa wa kuanzia, na viwanda vya leo vimesimama juu yake. Mwenye vinoo vitatu vya namna moja anaweza kuvinyoosha hata akiwa kijijini pasipo kioo wala rula.

Kwa nini kiliachwa

Mwaka 1903 Mmarekani King Camp Gillette alianza kuuza wembe wenye kipande chembamba cha chuma cha kutumiwa na kutupwa. Mwaka huo aliuza vishikio 51 na vipande 168 tu. Miaka 15 haikupita kabla ya jeshi la Marekani kuwagawia askari wake vishikio kiasi cha milioni tatu na nusu katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wembe wa kutupa ukaenea dunia nzima, ukafika kwetu na ukachukua jina la wembe lote. Leo mtoto akitumwa dukani kununua wembe hapana anayefikiria ule wa kukunja. Kwa njia hii tumerudi kwa mtu wa Kisese: kikiharibika, tupa, chukua kingine.

Tusiseme kwamba hili ni baya tupu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata watu walifunzwa kwamba wembe mmoja usipite katika vichwa viwili. Agizo hilo lilikuwa la haki. Kinoo kina vitundu, na damu iliyoingia humo haitoki kwa kufutwa kwa kitambaa. Wembe uliopita juu yake baada ya kunyoa watu kumi ulikuwa ukikutanisha damu za watu kumi. Ugonjwa wa ini nao hupita kwa njia hiyo. Mwenye kutaka leo kuutumia wembe wa kukunja na autumie kwa nafsi yake peke yake, na kinoo kiwe chake peke yake. Katika akika, katika tahara na katika kinyozi cha mjini, chombo kipya au kilichotakaswa kwa njia ya hospitali ndicho kinachotupasa. Kuihifadhi nafsi kumetangulia kuhifadhi chombo.

Tena yapo makali ambayo hayafai kunolewa kabisa. Katika mkoa wa Dodoma uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikuta wanawake 47 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 mpaka 49, kuwa wamekeketwa. Sheria ya Tanzania iliharamisha mwaka 1998 kumfanyia hayo mtoto wa kike aliye chini ya miaka 18. Wengine walidhani kwamba ubaya uko katika wembe wenye kutu, na kwamba wembe mpya ungeondoa lawama. Wembe mpya hupunguza kutu. Haumrudishii binti kilichoondolewa, wala haumpi idhini aliyeshika. Wema tulioamrishwa katika Hadithi ya Shaddad haukuishia kwenye makali. Umo ndani yake kwanza kuuliza ikiwa kitendo chenyewe chastahili kufanywa.

Linalobaki kwetu

Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na zaidi tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa wingi baada ya mwaka 2016, vijana wengi wa pwani wamekwenda kukaa juu ya uwanda ule. Wanyozi wao hutumia mashine za umeme. Kinoo hawakijui, na si kosa lao. Lakini yako mambo ambayo kinoo kilikuwa kikiyafundisha kimya kimya, na ambayo mashine haiyafundishi.

Kinoo ni mfano wa mwalimu. Yeye hakati, bali huwafanya wengine wakate. Kila mwanafunzi anayepita kwake huondoka na makali, na huacha alama. Mwalimu aliyesomesha miaka 40 hulika mahali pale pale panaposuguliwa kila siku: masomo yale yale, sifa zile zile, ghadhabu zile zile. Bonde humwingia naye halioni, kwa kuwa limekuja kidogo kidogo. Wanafunzi wake wakitoka na makali yaliyopinda, hulaumu kizazi, husema watoto wa leo ni wabovu, akazidisha fimbo. Hakumbuki kujiwekea rula. Na lisemwalo juu ya mwalimu lawahusu baba katika nyumba yake, mama kwa mabinti zake, na imamu kwa maamuma wake.

Wala asitosheke na rafiki mmoja anayemwitikia kila neno. Huenda bonde la huyu limejazwa na kilima cha yule, wakakaa miaka mingi wakidhani wamenyooka. Na aje wa tatu: kitabu asichokipenda, sheikh wa upande mwingine, mke mwenye kusema kweli, kijana asiyeogopa. Hii ndiyo maana ya kushauriana, na kwa hiyo ushauri wa wanaofanana tu si ushauri.

Msomaji mpenzi, ikiwa katika nyumba yako kimo kinoo cha babu, usikitupe. Kipime kwa rula, kichore mistari ya penseli, kisugue juu ya mchanga na maji mpaka mstari wa katikati uondoke, kisha kinolee kisu cha jikoni, ili kuku wa Ijumaa na mbuzi wa Idi wapate haki yao. Waite watoto wakutazame ukikifanya kazi hiyo, na uwaeleze kwamba kinachonoa wengine nacho hunyooshwa. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaokubali kunyooshwa kabla bonde halijawa kubwa. Wabillahi tawfiq.